Likizo ya Sultani

Farasi wa mashindano ana likizo nyingi kuliko mwalimu wa shule ya msingi. Nasema kwa ushahidi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka likizo. Tulitoka wawili na kurudi wawili: yeye anachezesha masikio kwa raha, mimi nachechemea. Madamu, mwenye farasi, alimpokea kwa karoti, akamkagua miguu yote minne, akaridhika. Yangu miwili haikukaguliwa na mtu.

Mimi ni mtoto wa Mtanda, Lindi. Wenzangu niliokua nao walipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha waliingia umachinga Kariakoo, kama ilivyo ada yetu watu wa Kusini. Mimi riziki yangu ilikuwa imewekwa kwingine: nikapata usaisi katika zizi moja kaskazini mwa jiji, si mbali na bahari. Nilipopiga simu nyumbani kueleza kazi niliyopata, shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Huyo farasi anabeba nini?"

"Habebi kitu, shangazi. Anabeba mtu mmoja tu."

"Anampeleka wapi?"

"Hampeleki popote. Wanazunguka uwanjani, wakimaliza wanarudi palepale walipoanzia."

"Na wewe unalipwa?"

"Nalipwa."

Shangazi aliaga haraka. Baadaye nilisikia kwamba usiku ule alinisomea dua, kwa kuwa kwa maelezo yale alijua mwanawe ama ameingia kwa wanga au ameanza kuvuta kitu.

Simlaumu. Lindi hatuna mazoea na farasi, na sababu yenyewe inaruka. Mbung'o ametawala mapori ya Kusini tangu enzi na enzi, na farasi akiumwa naye hadumu. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda, apate kujua kama wanyama hao watamudu mbung'o. Walikufa mmoja baada ya mwingine njiani, na Livingstone mwenyewe alilalamika kwamba wengine walimalizwa na mizigo mizito na fimbo za watu aliowapa kazi ya kuwachunga. Mnyama mkubwa aliyeipa Lindi sifa duniani ni yule mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, naye alikuwa keshakufa zamani mno kuogopa mbung'o. Wajerumani walimfukua kati ya mwaka 1909 na 1913, wakampakia bandarini kwetu vipande vipande, na leo amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Kwetu mnyama wa maana akipatikana hapelekwi malishoni, anapelekwa bandarini.

Dar es Salaam hatukuwa na hofu kubwa ya mbung'o, ila tulikuwa na visubi, ambao wanaeneza ugonjwa mwingine unaoua farasi kwa siku chache. Kwa hiyo kabla ya magharibi farasi wote walikuwa ndani. Sultani, farasi wa Madamu, alikuwa na chandarua dirishani na feni ya kupeperusha visubi. Chumba changu kilipakana na chake ukuta kwa ukuta. Usiku wa joto nilikuwa nalala nimeegemea ukuta ule, nikiisikiliza feni yake.

Mchezo wenyewe unaitwa dresaji. Uwanja ni wa mchanga, mita 20 kwa 60, umezungushiwa herufi pembeni. Ukitoka A unakutana na K. Mwenzangu wa kazi, Mgogo wa Dodoma, alizitazama herufi zile siku aliyoanza kazi, akaamua kwamba aliyezipanga aliacha shule mapema. Farasi huingia na mpandaji wake, wakaenda polepole, wakaongeza mwendo, wakakata kona, wakaenda upandeupande, na wakishafika daraja la juu farasi hukanyaga mwendo wa kukimbia huku amesimama palepale. Kitendo hicho huitwa piafe. Waamuzi huketi pembeni, na kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Sharti kubwa kwa mpandaji ni kuonekana hafanyi lolote. Madamu alikuwa anafanya mengi kwa mpigo, na Sultani, ambaye alilelewa kwa adabu, alikuwa anasimama kungoja ayamalize.

Akaletwa kocha, Mjerumani mrefu asiyecheka. Alimtazama Sultani akizunguka, akasema farasi huyu hana kasoro, amezichoka herufi. Farasi anayezungushwa mahali pamoja kila siku huchoka akili kwanza, na miguu ikafuata, maana ni kano zilezile na viungo vilevile vinavyopokea uzito kwa namna ileile. Wala si habari mpya. Xenophon wa Ugiriki aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba farasi abadilishiwe mahali pa mazoezi na urefu wake, asije akachoshwa. Farasi weupe wa ile shule maarufu ya upandaji ya Vienna hupelekwa mapumziko Heldenberg, huko mashambani Austria. Valegro, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016, alitoka kwenye mazizi ya Carl Hester, Mwingereza ambaye farasi wake huachwa malishoni wakajichafua na hutembezwa njiani wakauona ulimwengu.

Madamu aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Kesho yake ratiba ya juma zima ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa zizi. Tukaisoma, mimi na Mgogo. Kila penye neno "mapumziko" palikuwa na jina la Sultani, na kwenye safu ya mhusika, mbele yake, palikuwa na jina langu.

Jumatatu ilikuwa siku ya malisho. Farasi anaachiwa uwanja wa nyasi, hana tandiko, hana hatamu, hana mtu wa kumwambia geuka. Kwa mujibu wa kocha, hiyo ndiyo dawa ya kwanza: farasi abaki farasi. Sultani alikuwa wa rangi ya kijivu inayokaribia nyeupe, na kwake kubaki farasi kulikuwa na maana moja tu, kutafuta mahali ambapo bomba linavuja, akalala hapo, akagaagaa ubavu wa kulia, akainuka, akajikagua, akarudi chini kwa ubavu wa kushoto. Akimaliza anakuja mwenyewe getini kuoshwa. Jumatatu nilitumia maji ambayo yangetosha harusi. Madamu alikuwa akipita ananiambia kwa upole, "Leo umepumzika, eh? Hakuna mazoezi."

Jumatano ilikuwa ya miti. Unalaza miti chini, farasi anaipita akiinua miguu, mgongo unalainika na macho yanajifunza kutazama chini. Marehemu Reiner Klimke, Mjerumani aliyeshinda dhahabu Los Angeles mwaka 1984, aliandika kitabu kizima juu ya zoezi hilo, na binti yake Ingrid anaendelea nalo. Kwa mwendo wa kukimbia taratibu, mti na mti huachana mita 1.3 hivi. Tulinunua boriti za mikoko, zilezile ambazo kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Uarabuni kuezekea majumba, na sisi tukazileta zikanyagwe. Kocha akaagiza zipakwe rangi nyekundu na nyeupe, farasi azione vizuri.

Tukazipaka. Kwa vile ndani ya ua palikuwa na vumbi, Mgogo akapendekeza tukazianike nje, kwenye nyasi kando ya barabara, tuziegemeze juu ya madebe. Tukaingia ndani kunywa chai. Tuliporudi tulikuta foleni. Bajaji tatu, daladala moja na lori la kokoto vimesimama mbele ya boriti zetu kwa heshima zote. Abiria wa daladala wamefunga midomo. Dereva wa lori alikuwa keshashuka, leseni mkononi, na alipotuona na makopo yetu ya rangi alinifuata mimi, pengine kwa sababu ndiye niliyekuwa nimevaa buti. Akaniita "afande". Akasema taa ya nyuma iliharibika asubuhi hiyohiyo, na kwamba sisi sote ni binadamu, tunaweza kuelewana.

Nilimwambia mimi ni saisi.

"Najua afande," akasema, "na kazi yenu ni ngumu."

Ilibidi Mgogo amlete Sultani mwenyewe hadi getini ndipo watu wakaamini. Boriti zenyewe hazikumaliza mwezi. Tulizikuta siku moja zimekuwa paa la banda la kuku la mlinzi wa jirani, na rangi yake inang'aa vizuri juani. Mlinzi hakutahayari hata kidogo. Alisema aliziona chini siku nyingi, akajua tumezitupa, kwa sababu mtu mwenye akili hawezi kuchukua boriti nzima akailaza chini ikanyagwe na mnyama. Tulikosa la kujibu. Tukanunua nyingine.

Lakini siku kubwa ilikuwa Alhamisi, siku ya bahari. Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Mtoto wa Lindi anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma saa. Ratiba ya Madamu ilisema "Ufukweni, saa 2 asubuhi," kila Alhamisi, na bahari haikuwa imepewa nakala. Maji kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo Alhamisi hii saa 2 yamekupwa na ufukwe umelala mpana na mgumu, Alhamisi ijayo saa hiyohiyo yamejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Na kwa farasi jambo hilo si dogo. Mchanga mkavu uliolegea unazivuta kano za nyuma ya mguu, farasi anaweza kuumia kwa mwendo wa nusu saa tu. Mchanga ulioloa na kushikana unamfaa. Na akitembezwa ndani ya maji ya magoti, misuli inafanya kazi bila kwato kugonga chini.

Madamu alisoma tabia ya bahari kwa njia ya kwenda, kukuta imejaa, na kurudi. Baada ya hapo akawa ananiuliza mimi kila Jumatano jioni, nami nikawa natoka nje, natazama mwezi, nakaa kimya kidogo, kisha natoa saa. Kimya kile hakikuwa na kazi yoyote. Ila niliona kinaniongezea heshima.

Alhamisi moja maji yalikupwa vizuri. Madamu juu ya Sultani, mimi pembeni, Mgogo nyuma, anatufuata kwa macho tu, maana alikuwa hajawahi kuiona bahari kwa karibu na hakutaka kusogea. Aliyaonja maji kwa kidole, akatema, akauliza nani ameyaharibu. Mbele yetu wavuvi walikuwa wanavuta juya, watu kama ishirini, wazee kwa vijana. Kila kitu kilikuwa shwari, ndipo alipotoka kaa.

Alikuwa kaa mdogo wa mchangani, macho juu ya vijiti. Alisimama mbele ya Sultani, akainua gando moja, kisha akaondoka kwenda kushoto, upandeupande, mwili umenyooka, kichwa hakitikisiki, miguu inavukana kwa mpangilio mmoja. Mwendo ule ndio Sultani aliokuwa anafundishwa kwa gharama kubwa uwanjani bila mafanikio. Kaa aliutoa bure, akafika mwisho, akarudi kulia.

Sultani alikunja shingo. Mgongo ukapanda, makalio yakashuka, masikio yakasimama, na akaanza kukanyaga mwendo wa kukimbia palepale alipo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, hasogei mbele hata inchi. Ilikuwa piafe. Piafe ambayo kocha alikuwa ameiomba kwa Kiingereza na Kijerumani, na karoti, na muziki, imepatikana kwa hofu ya kaa. Madamu aliona. Uso wake uliwaka. Akanong'ona, "Unaona? Unaona?" Alikaa kimya juu ya tandiko, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa anafanya lolote.

Wavuvi waliachia kamba. Mmoja akapiga kelele, "Huyo anacheza sindimba!" Vijana wakaanza kupiga makofi kufuata kwato, na mzee mmoja mwenye kofia ya ukili akatamka kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Kumi! Mpeni kumi yake!"

Makofi yalimkumbusha Sultani kwamba ana mahali pengine pa kuwa. Aligeuka nyuma kwa miguu miwili, Madamu akabaki hewani alipokuwa, kisha akashuka kwenye maji ya magoti, yale yanayofaa kwa misuli. Sultani akaenda shoti kuelekea zizini. Njiani palikuwa na mama mmoja anayechoma mihogo, na Sultani alipita kati ya jiko na benchi la wateja bila kugusa chochote, isipokuwa muhogo mmoja, aliouchukua akipita. Nilimlipa yule mama jioni. Aliniuliza kama farasi anataka pilipili siku nyingine.

Mimi nilikimbia nyuma yake hadi zizini. Nilipomkuta Sultani ndani, mbele ya feni, anatafuna, na mimi siwezi kutamka neno, ndipo nilipofahamu kwamba ile safu ya mhusika kwenye ratiba ina uzito wake.

Mpandaji naye alikuwa na mazoezi yake ya pembeni. Kocha alisema tatizo la Madamu ni kiuno. Farasi akienda, kiuno cha mpandaji kinatakiwa kimfuate, na kichwa na mabega vitulie. Kule Vienna wanafunzi huzungushwa kwa muda mrefu juu ya farasi aliyeshikwa kwa kamba ndefu, bila hatamu mkononi wala vikuku miguuni, hadi makalio yajue kazi yake. Madamu akazungushwa. Akanunuliwa na mpira mkubwa wa kukalia, mimi nikiushika usibingirike. Akaenda kuogelea, akaenda yoga. Kiuno kikabaki palepale.

Siku moja tuko uwanjani, yule mama wa mihogo akapita nje ya ua anatoka kuchota maji. Ndoo kichwani, imejaa, haina kifuniko, mtoto mgongoni, simu sikioni. Njia ile ina mashimo. Kiuno chake kilikuwa kinayapokea mashimo yote moja baada ya jingine, na juu ya kiuno hapakutokea habari yoyote. Maji hayakumwagika hata tone. Kocha alisimamisha somo. Akanyoosha kidole. "Mtazame huyo," akamwambia Madamu. "Hicho ndicho ninachokitaka tangu mwezi wa pili."

Yule mama alipoona wazungu wawili na farasi wanamkodolea macho, alidhani muhogo wa Sultani umezua kesi. Akaongeza mwendo. Ndoo bado haikumwagika. Kocha akazidi kustaajabu, akawa anamfuata ndani ya ua sambamba naye, yeye anapiga makofi, mama anakaza mwendo, hadi alipopotelea kwenye kona.

Wiki iliyofuata Madamu alikuja na ndoo yake. Nzuri, ya bluu, mpya. Nikamtengenezea kata ya kitambaa, nikamtwisha nusu ndoo, akaanza kuzunguka uwanja wa dresaji kwa miguu: A, K, na kuendelea. Sultani alikuwa amefungwa pembeni. Alimwona bibi yake anakuja na kitu cha bluu kichwani kinachovuja, akavuta pumzi ndefu puani, na akafanya piafe ya pili katika maisha yake. Tukachelewa kushangilia, kwa sababu alikata kamba.

Jumamosi ilikuwa ya vilima, maana farasi akipanda mlima anajenga misuli ya nyuma, ambayo ndiyo injini yake. Njia yetu ilikatiza mitaani, na Dar es Salaam Jumamosi mtaani ni harusi. Tulikutana na gari la matarumbeta kwenye kona nyembamba, bendi imekaa nyuma ya pikapu, bibi harusi gari la pili. Hapakuwa na pa kupishana. Nilijiandaa kwa mabaya. Lakini Sultani alisikiliza kidogo, akainua miguu, akaingia kwenye ngoma. Dresaji ina shindano maalumu la kufuata muziki, na Valegro aliweka rekodi ya dunia ya asilimia 94.30 humo mwaka 2014. Hakuwekewa matarumbeta. Nina hakika alama zilizobaki zilipotelea hapo.

Tulisindikiza harusi ile hadi ukumbini kwa sababu hapakuwa na njia ya kugeuza. Madamu alitunzwa noti mbili, na shangazi mmoja wa bibi harusi akamfunga khanga kiunoni. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alinivuta pembeni akaniuliza farasi tunakodisha kwa saa au kwa shughuli nzima. Kwenye video yao, naambiwa, Sultani anaonekana kwa muda mrefu kuliko bwana harusi.

Ratiba ilifanya kazi. Huo ndio ukweli, na nisingependa vituko vyangu viufiche. Baada ya miezi kadhaa ya matope, miti, bahari na vilima, Sultani aliingia uwanjani siku za herufi akiwa na hamu nazo. Piafe ilikuja bila kaa. Madamu kiuno kililegea, akaanza kupata alama za sita na saba alikokuwa akipata nne. Aliyebadilishiwa kazi alipata nguvu. Aliyekuwa na kazi ya kumbadilishia alipata maumivu ya mgongo, maana mapumziko ya mmoja yana tabia ya kuwa zamu ya mwingine.

Jambo hilo ni la zamani kwenye pwani hii. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyofundishwa kupanda wanyama wangali wadogo. Wavulana walipewa farasi, wasichana wakapewa punda wakubwa weupe wa Maskati, ambao bei yao mara nyingi ilizidi ya farasi wa kawaida. Watu wakisoma hapo humwona binti mfalme, upepo na minazi. Mimi nikasoma "punda weupe", nikamfikiria mtu aliyekuwa anawangoja getini Jumatatu.

Sasa nimerudi Mtanda. Watoto wananiita Babu Farasi, na kwa kuwa nina elimu, nimejaribu kuigawa. Niliwaambia vijana wa bodaboda pale kijiweni kwamba mtu akikaa kwenye pikipiki kutwa nzima anakaza nyonga, ashuke atembee mchangani maji yakikupwa. Mmoja akaniuliza kama nitamlipa hela ya kichwa kwa muda atakaokuwa anatembea. Nilimwambia fundi cherehani kwamba mgongo wake unataka kuogelea. Alisema mgongo wake unataka wateja walipe.

Mjomba wangu ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho. Ana mikorosho yake nje ya mji, na umri wake hakuna anayeujua, yeye mwenyewe akiwamo. Nikamweleza nadharia yote: kiungo kimoja kisipewe kazi moja, akili isizoee mahali pamoja, leo mlima, kesho maji. Akatafuna mng'oko wake taratibu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikipalilia mikorosho nainama. Nikipulizia salfa natazama juu. Zikianguka naokota nimechuchumaa. Zikikauka nabeba gunia. Msimu ukiisha navuka Kitunda kwa shemeji yako kupumzika, ananipa jembe. Huyo Mzungu wako alisomea wapi?"

Nikamwambia Ujerumani.

"Basi yule mjusi wetu aliwafaa," akasema.

Aliyeielewa nadharia kikamilifu ni mke wangu. Hakubishana nayo hata kidogo. Alinisikiliza nikiieleza barazani usiku mzima, na asubuhi nikakuta karatasi mlangoni. Jumatatu, kufua. Jumanne, kupanda kilima kumpelekea mama yake unga. Jumatano, kupanga kuni, ziachane vizuri. Alhamisi, ufukweni, saa itakayotolewa na mwenye ratiba baada ya kutazama mwezi, na nirudi na samaki. Safu ya mhusika ilikuwa na jina langu, na safari hii safu ya mapumziko nayo ilikuwa na jina langu. Nikaona ni hatua.

Juzi maji yalikatika bombani. Nikatoka na ndoo, nikajitwisha kama nilivyowaona wenye ujuzi: kichwa kimetulia, mabega yamelala, kiuno kinapokea njia. Nilipofika nyumbani shati lilikuwa limeloa hadi mfukoni. Barazani walikuwa wameketi mke wangu, shangazi na mama jirani, wamenitazama tangu nilipotokea kwenye kona.

"Sita," akasema mke wangu. "Umemwaga."

"Nne," akasema shangazi. "Kiuno kigumu."

Mama jirani hakutoa alama, kwa kuwa mchezo haujui. Aliuliza tu kama Ijumaa yangu ina nafasi. Ana mifuko miwili ya saruji inatakiwa ipandishwe hadi juu kwa mwanawe anayejenga, na angefurahi kunisaidia, kwa mazoezi tu.